Saa moja si saa saba: kuandika mwongozo wa kuchangia programu huria

Ombi la kubadilisha programu yangu liliingia Jumapili usiku kutoka kwa mtu nisiyemjua, na kazi yake ilikuwa safi kuliko nyingi zangu. Nina kifurushi kidogo cha Python, lugha ya kuandikia programu, kinachofanya jambo moja tu: unakipa saa jinsi kompyuta inavyoiandika, 07:00, nacho kinakurudishia maneno, "saa moja asubuhi". Mgeni yule aliandika kwamba amegundua hitilafu kubwa, saa zote zimekosewa kwa sita, na ameshazirekebisha. Alibadilisha hesabu. Akabadilisha na majaribio yote 24 yanayoikagua hesabu hiyo ili yaendane na yake, akayaendesha, yakatoka kijani, yaani yamefaulu, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kwa mkono wake, 07:00 ikawa "saa saba asubuhi".

Nilicheka, nikamwonesha mke wangu, naye akacheka. Kisha nikaenda kwenye mwongozo wetu wa uchangiaji kutafuta ile sentensi ya kumwekea mbele ya macho: ona, tuliandika hapa. Haikuwepo. Mwongozo ulieleza namna ya kusakinisha kifurushi, namna ya kuendesha majaribio, namna ya kulipa tawi jina. Kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, hapakuwa na neno hata moja. Kati yetu wanne tuliouandika hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye programu huria mgeni huja na jembe lake mkononi, tena siku ya kwanza, kabla hata hujaitikia hodi. Kinachomkwamisha ni kutojua mpaka wa shamba, na kwamba muhogo wako mchanga machoni pake unafanana na magugu. Kwa hiyo ninapoombwa nieleze namna ya kuandika mwongozo wa uchangiaji, sianzi na amri za kompyuta. Hizo ndizo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kuyaweka kwenye maandishi yale ambayo wenyeji hawajui kwamba wanayajua.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno, maana wengi hupotelea hapa. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoiendesha, uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuubadili na kuusambaza. Nasema msimbo, vijana wengi husema kodi, nami niliacha siku shangazi yangu aliposikia kwamba "nalipwa kuandika kodi" akadhani nimeajiriwa mamlaka ya mapato. Msimbo huo hukaa kwenye repo, yaani ghala la mafaili pamoja na historia yote ya mabadiliko yake. Wewe mgeni huruhusiwi kuandika moja kwa moja kwenye ghala hilo, basi unajitengenezea nakala yako (hiyo ndiyo foki), unafungua tawi, yaani mstari wa kazi uliotengwa, ndani ya nakala, unafanya kazi yako, unaihifadhi kwa hatua zinazoitwa komiti, kisha unatuma ombi la kuunganisha. Upande wa pili yupo mtunzaji. Yeye hulisoma ombi, huuliza maswali, na mwishowe huliunganisha au hulifunga.

Mradi wa kawaida huwa na mafaili matatu ya maandishi kwenye mlango wake. README husema programu hii ni nini na inamfaa nani. LICENSE hubeba masharti ya kisheria. La tatu, CONTRIBUTING, ndilo ninalolizungumzia. GitHub, tovuti inayohifadhi repo za miradi mingi, ilianza kazi mwaka 2008, na Septemba 2012 ikaanza kumwonesha kiungo cha faili hilo kila anayefungua tiketi (taarifa ya hitilafu au pendekezo) au ombi. Tangu hapo miradi mingi ikawa na faili la jina hilo, na wengi wakaliandika kama fomu: wananakili la mradi mwingine, wanabadilisha jina juu, wanaendelea na shughuli zao. Kuna miongozo niliyosoma inayomtaka mchangiaji aendeshe amri ambazo mradi wenyewe hauna.

Nyuma ya bega la mgeni

Njia moja ya kuupima mwongozo ninaiamini kuliko zote. Mtafute mtu ambaye hajawahi kuugusa mradi wako, mpe mwongozo, kaa nyuma yake, funga mdomo.

Mimi nilifanya hivyo na binti mmoja wa chuo aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo ofisini kwetu. Alikuwa na laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 4 na bando la siku la GB 1 kwenye simu, akigawa intaneti kutoka hapo. Mimi nina mfumo wa Linux na waya wa intaneti wa ofisi. Tayari tulikuwa nchi mbili tofauti.

Hatua ya kwanza, kupakua repo. Kifurushi changu ni kidogo, ila miaka ya nyuma mtu alikomiti rekodi za sauti za watu wakitaja saa, tukazifuta baadaye. Kwa Git, programu inayotunza historia hiyo ya mabadiliko, kilichofutwa bado kimo ndani ya historia. Akasubiri, akatazama simu, akaniambia, "Kaka, hii itamaliza bando." Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, nikavunja kiapo palepale. Siku hizi mwongozo unataja ukubwa wa upakuaji kwa MB na unatoa amri ya mwenye bando dogo, `git clone --depth 1`, ambayo huleta hali ya sasa ya mradi bila historia yake. Ni maneno machache tu, na kwa mchangiaji wa huku kwetu yana uzito kuliko ukurasa mzima kuhusu maono ya mradi.

Hatua ya pili tuliandika `python3`. Windows yake ikamfungulia duka la programu. Akafunga, akarudia, duka likafunguka tena. Akadhani amekosea yeye. Hapo palinigusa: hakuudhania mwongozo vibaya hata kidogo, alijidhania mwenyewe. Kwenye Windows mara nyingi amri ni `python` au `py`. Hatua ya tatu ikawa hivyohivyo, tulimwambia aandike `source venv/bin/activate` wakati kwenye kompyuta yake njia ni `venv\Scripts\activate`. Tulikuwa tumeandika kwa kujiamini kabisa kwamba kusakinisha kunachukua dakika tano. Zilikwenda dakika 50.

Alipofika mwisho, akabadilisha neno moja la majaribio, akataka kulipushi (kulituma) kwenye nakala yake, GitHub ikamwomba nenosiri, akaliandika, likakataliwa. Akaliandika tena polepole, herufi kwa herufi. Likakataliwa. Nenosiri lilikuwa sahihi. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwenye shughuli za Git. Inataka tokeni au ufunguo wa SSH, vitambulisho vinavyotengenezwa mahsusi badala ya nenosiri. Mimi ufunguo wangu niliuweka zamani hata nimesahau kama upo. Mwongozo ulioandikwa kabla ya tarehe hiyo na kuachwa hivyo unamdanganya msomaji, japo siku ulipoandikwa ulikuwa wa kweli. Ndivyo ilivyo pia kwa miongozo inayosema tuma kwenye tawi la `master`, ilhali repo mpya za GitHub tangu Oktoba 2020 huanza na tawi liitwalo `main`.

Nikaandika kila mahali alipokwama, kwenye daftari, bila kumweleza. Zilikuwa sehemu 11. Saba kati ya hizo hazikuhusu kifurushi chetu hata kidogo: zilihusu Git, Windows, akaunti, bando. Watunzaji wengi husema hayo si kazi yetu kufundisha. Sikubaliani nao, ila pia sitaki kuandika kitabu cha Git ndani ya faili moja. Suluhisho langu ni kutaja kila kizingiti kwa sentensi moja na kuonesha pa kwenda. Na juu kabisa ya sehemu ya usakinishaji nimeweka mstari unaosema hatua hizi zilijaribiwa mara ya mwisho lini, kwa Windows toleo gani, kwa Linux gani. Tarehe hiyo inaniaibisha inapozeeka, na aibu hiyo ndiyo inayonisukuma nikajaribu upya.

Namba ya tiketi na farasi mwenye haya

Kuna kanuni ambazo mgeni huziona kama urasimu mpaka aelezwe sababu. Chukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na Regenstrief Institute ya Indiana pamoja na Partners In Health. Mahali pake pa kwanza kutumika palikuwa Eldoret, Kenya, mwaka 2006, chini ya mpango wa afya wa AMPATH. Ni moja ya miradi mikubwa ya programu huria yenye mizizi Afrika Mashariki, na Wakenya na Waganda wengi wamejifunzia kazi humo. Ukifungua ombi kwenye msimbo wake mkuu, fomu inayojitokeza inataka kichwa kianze na TRUNK na namba ya tiketi, inataka kazi yako iwe komiti moja tu, na inataka uthibitishe kwamba umeendesha `mvn clean package`, amri ya kuijenga na kuijaribu programu, kabla ya kutuma.

Kijana anayekuja na komiti tisa, mojawapo ikiitwa "nimejaribu tena", hukasirika. Kwa nini moja? Kwa sababu mwaka mmoja mbele, hospitali fulani ikikuta dozi inaonekana vibaya kwenye skrini, mtu ataichambua historia kutafuta badiliko lililoleta kasoro. Akikuta komiti moja yenye namba ya tiketi, atafuata namba hiyo hadi kwenye mazungumzo yote: nani aliomba, kwa nini, nani alipinga. Akikuta "nimejaribu tena" hana pa kwenda. Kanuni ikielezwa hivyo haihitaji kushurutishwa. Ndiyo maana nasema kila kanuni kwenye mwongozo ifuatwe na sababu yake, hata kwa maneno sita. Isiyo na sababu huenda ni mabaki ya ugomvi uliokwisha zamani, ifute.

Kuna mwongozo mmoja ninaouhusudu kuliko yote, nao ni wa Git yenyewe, chombo alichokiandika Linus Torvalds mwaka 2005. Tangu 2019 hati zake zina somo la mchango wa kwanza. Badala ya kutaja kanuni, somo hilo linakushika mkono mtengeneze amri mpya kabisa, `git psuh`. Ndiyo, imeandikwa vibaya makusudi, kama mtu aliyeteleza kidole akiandika `push`. Amri hiyo haina faida yoyote. Imebuniwa iwe farasi mdogo mwenye haya anayewasalimu walioteleza. Lakini ukimfuata farasi huyo hadi mwisho, utakuwa umeandika msimbo halisi kwa lugha ya C, umeandika jaribio, umeandika ukurasa wa msaada, umetengeneza kiraka (faili la mabadiliko yako) na kukituma kwa baruapepe kama mradi unavyotaka, halafu umejibu wakaguzi na kutuma toleo la pili. Toleo la pili! Miongozo mingi huishia kwenye "tuma ombi", kana kwamba ombi likishatumwa kazi imekwisha, wakati ukweli ni kwamba hapo ndipo mgeni anapokutana na watu kwa mara ya kwanza.

Yasiyoandikika kwa amri

Watu ndio sehemu inayosahaulika. Nimekaa pande zote mbili, na nimegundua kwamba sisi tuliolelewa kwa salamu na adabu ya wakubwa tunaumia mahali ambapo mwenzetu wa ng'ambo hata hakujua amegusa. Mchangiaji wa huku huanza na mistari mitatu ya salamu na kuomba radhi kwa usumbufu, kisha anauliza: naomba kuruhusiwa kufanya tiketi hii. Mtunzaji anajibu kwa neno moja, au hajibu. Mchangiaji anasoma kimya kile kama kufukuzwa. Kumbe katika mradi ule huhitaji ruhusa, unafanya tu na kutuma. Katika mradi mwingine ni kinyume: ukifanya bila kujiandikisha kwenye tiketi, utakuta mwingine ameshaimaliza na kazi yako ya wiki nzima imekwenda na maji. Mwongozo useme bayana uko upande gani. Wetu unasema: kurekebisha makosa ya maandishi, usiulize; kuongeza kitu kipya, fungua tiketi kwanza tuzungumze, ili usipoteze muda wako.

Hivyohivyo kwenye ukaguzi. Mkaguzi akiandika "kwa nini umefanya hivi?", kwa Kiingereza kikavu, anauliza kweli, anataka sababu. Mtoto wa Kitanga au wa Kilamu aliyeulizwa hivyo na mtu mzima anajua ameshapatikana na kosa, basi anafuta kila kitu na kuomba msamaha. Nimeona mabadiliko mazuri yakifutwa hivyo. Sasa mwongozo wetu una aya inayosema swali si karipio na kwamba kumbishia mtunzaji kwa hoja kunaruhusiwa, na tumeweka mfano wa mazungumzo halisi ambamo mimi ndiye niliyeshindwa.

Nilishindwa katika nini? Tulibishana wiki nzima na mwenzetu wa Unguja kuhusu "Ijumaa usiku". Kwangu mimi, mtu wa bara aliyezoea kalenda ya ofisi, ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwake, siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao kompyuta inauita Alhamisi. Wote tuko sahihi kwa watu wetu. Tulikata shauri kwamba kifurushi kitatoa "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno ambayo hayamkosei mtu popote kuanzia pwani hadi Kigoma. Kisha tukaandika uamuzi huo na sababu zake. Kama tusingeuandika, kila baada ya miezi mitatu angekuja mtu mpya na ombi la kuligeuza tena, na sisi tungebishana upya tukiwa tumesahau nani alisema nini.

Kuna pia kusema usichokitaka. Hapo watunzaji wengi huona haya, na huona haya hadi wanazama. Oktoba 2020, kampeni ya kila mwaka iitwayo Hacktoberfest, inayoendeshwa na kampuni ya DigitalOcean, iliahidi fulana kwa atakayetuma maombi manne ndani ya mwezi. Siku ya kwanza tu miradi ikafurika maombi ya kipuuzi, kama mtu kuongeza maneno "mradi wa ajabu" kwenye README na kuondoka. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadilisha sheria ili miradi iliyokubali kushiriki tu ndiyo ihesabiwe. Tangu hapo, sentensi kama "maombi ya kubadilisha koma bila sababu yatafungwa bila maelezo" imeacha kuwa ukatili.

Mzigo wa sasa ni wa akili bandia. Daniel Stenberg wa Sweden, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, alilalamika hadharani mwanzoni mwa 2024 kuhusu taarifa za hitilafu za usalama zinazoandikwa na mashine, zenye lugha tamu na hitilafu isiyokuwepo. Mwaka huohuo miradi ya mifumo endeshi Gentoo na NetBSD ilipiga marufuku michango iliyotengenezwa na zana hizo. Mimi sijafika huko. Naomba tu anayetuma aweze kueleza kila mstari kwa maneno yake, na aseme kama alisaidiwa. Chochote unachoamua, kiandike, kwa sababu ukikaa kimya kila mtu atajijibia mwenyewe.

Na kama mgeni anajiuliza mbona anachunguzwa hivyo, aelezwe kisa cha xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliichangia kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, hadi akapewa funguo za mradi. Kisha akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunda. Mtunzaji wa awali alikuwa mtu mmoja, amechoka, na watu wengine walikuwa wakimsonga kwamba anachelewa. Kwa hiyo ucheleweshaji ule unaokukera una historia yake.

Sahihi yako na mali ya mwajiri

Upande wa sheria nitaupitia haraka, kwa sababu mradi mdogo hauhitaji mengi. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux. Mwaka uliofuata Torvalds akaleta utaratibu ambao kila mchangiaji huongeza mstari wa `Signed-off-by` wenye jina lake chini ya komiti, akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo ule. Amri ni `git commit -s`, basi. Miradi mingine, kama ya taasisi ya Apache, hutaka mkataba kamili uliotiwa sahihi. Mwongozo ukidai sahihi, ueleze inamaanisha nini, maana nimeona watu wakiongeza mstari ule kama mapambo.

Linalosahaulika ni mwajiri. Kama umeandika msimbo saa za kazi, kwa laptopu ya kazi, kuna uwezekano mkubwa si wako kuutoa, na mikataba mingi ya ajira husema hivyo waziwazi kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Weka sentensi moja ya kumkumbusha mtu aulize kwanza. Inaokoa urafiki.

Kuhusu lugha: mwongozo wetu uko kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sipendekezi hivyo kwa kila mtu. Matoleo mawili huachana njia. Unarekebisha moja saa nne usiku, la pili unajiambia kesho. Kama wachangiaji wako wengi ni Waswahili, andika Kiswahili kwanza, uache amri na ujumbe wa makosa jinsi kompyuta inavyovitoa, kwa sababu mtu atavitafuta mtandaoni kwa maneno yaleyale. Usitafsiri ujumbe wa kosa. Niliwahi kufanya hivyo kwa mapenzi ya lugha, na hakuna aliyepata msaada popote.

Na usidhani mchango ni msimbo tu. Mwongozo unaofungua na "sakinisha Python" umeshamfukuza mwalimu wa Kiswahili ambaye angekuambia mpaka wa alfajiri na asubuhi uko wapi, au kama 19:00 ni saa moja jioni au saa moja usiku. Hilo la mwisho bado tunalijadili. Kwetu njia yake sasa iko juu kabisa: huna haja ya kusakinisha chochote, fungua tiketi, andika saa, andika unavyoitamka, taja unakotoka.

Mgeni wa saa saba nilimwandikia siku ya tatu, baada ya kicheko kuisha. Nilimwambia hesabu yake haikuwa na kasoro na kwamba kosa lilikuwa letu, nikamweleza habari ya jua. Akajibu kwa swali moja: hilo limeandikwa wapi? Nikamwambia halijaandikwa. Aya ya kwanza ya mwongozo wetu leo ni yake, kwa Kiingereza chake, nami nimeitafsiri: saa za mchana huhesabiwa kuanzia macheo na za usiku kuanzia machweo, kwa hiyo jaribio likisema 07:00 ni saa moja, jaribio liko sawa, usiliguse.

Yule binti wa mafunzo naye alituma ombi, la kurekebisha hatua ya pili na ya tatu kwa watumiaji wa Windows. Lilikuwa na mistari minne. Mwongozo ulikuwa unaahidi, kwa herufi nzito, kwamba kila ombi litajibiwa ndani ya wiki moja. La kwake lilikaa siku 11 kabla sijalifungua, na katika siku zote hizo alikuwa ameketi meza ya pili kutoka kwangu, kimya, kwa sababu mwongozo haukusema popote kwamba mtu anaruhusiwa kukumbusha. Nililiunganisha asubuhi hiyohiyo, kisha nikatuma komiti moja ya kwangu: wiki moja ikawa wiki mbili, na chini yake, "ukiona kimya, tukumbushe, hata kama tumekaa ofisi moja".